Kitanda cha droo au cha kufunua? Vitanda vya Keko kwa chumba cha futi 10 kwa 10

Mama watoto, tukihamia chumba na sebule, stoo itakuwa uvunguni mwa kitanda, hakuna pengine. Mafundi wa Keko, hapa Dar es Salaam, hutengeneza vya droo na vya kufunua juu. Mimi nakuomba tuchukue cha kufunua.

Angalia vipimo. Kitanda cha 5 kwa 6, pamoja na fremu, hufika kama futi 5 na inchi 3 kwa upana. Tukikisogeza ukutani na kabati la futi 2 likae upande wa pili, inabaki njia ya futi 2 na inchi 9. Vuta droo ya futi 2 mpaka mwisho: umebakiwa na inchi 9, na hapo hata kuchuchumaa huwezi. Tena upande wa ukutani droo hazifunguki, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uvungu unakaa bure.

Cha kufunua unasimama miguuni, na uvungu wote unaingia mablanketi, masanduku na vyombo vya wageni. Chaga huinuliwa na shokapu mbili za gesi kama za mlango wa nyuma wa gari, na ubovu mwingi huanzia hapo. Nguvu ya shokapu lazima iendane na uzito wa godoro. Ikizidi, kitanda hakitulii chini. Ikipungua, utainua kwa mgongo. Zikifungwa kwa skrubu kwenye MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, skrubu hung'oka na kipande. Zifungwe kwa bolti zinazopenya mbao ngumu, mninga au mkongo. Na kwa kuwa gesi huisha taratibu, pawe na fimbo ya kukingia, maana chaga na godoro vikiangukia vidole vya mtoto ni balaa.

Joto na unyevu wa huku pwani huotesha nguo ukungu, basi plaiwudi ya chini itobolewe matundu na kitanda kiwe na miguu ya inchi 3, dekio lipite. Nguzo za chandarua zishikwe na boksi la kitanda lisiloinuka, si chaga, la sivyo kila ukifunua unang'oa chandarua.

Mbao za pembeni ziungwe kwa bolti, zisipigwe misumari, ili kipite mlangoni vipande vipande. Advansi tulipe, ila salio lingoje kitanda kifungwe chumbani na kufunuliwa godoro letu likiwa juu.