Kuhara damu kwa kuku: chanjo au dawa?

Kuku wanaokufa ndio tunaowahesabu, lakini pesa nyingi huliwa na wale wanaobaki hai. Koksidia, yaani vimelea vinavyoleta kuhara damu, huharibu utumbo, kuku anakula mfuko uleule wa chakula na uzito haupandi. Watafiti walikadiria hasara ya ugonjwa huu duniani kuwa pauni bilioni 10.4 kwa bei za 2016.

Kwa gharama za mwanzo, dawa inashinda. Amproliamu hupatikana karibu kila duka la mifugo, unachanganya kwenye maji, na vifaranga wanaozubaa mabawa yakiwa yameshuka wanaweza kuinuka. Chanjo inalipiwa kabla hujaona tatizo, na inahitaji ubaridi.

Kwa uhakika mambo hugeuka. Vimelea huzoea dawa, hasa ukipunguza dozi ili chupa ifike mbali. Tafadhali usifanye hivyo. Chanjo hai humjengea kuku kinga yake mwenyewe, ila inachukua wiki kadhaa, na chakula chenye dawa ya koksidia kinaiua.

Maranda yaliyolowa chini ya vyombo vya maji yatakuangusha kwa njia zote mbili, kwani mayai ya vimelea hukomaa hapo kwa siku moja au mbili tu.

Kuku wa mayai utakayekaa naye zaidi ya mwaka, mimi ningemchanja. Wa nyama anayeuzwa wiki ya tano au ya sita, chakula chenye dawa huwa nafuu, mradi uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchinja.