ThinkPad T480 ya mtumba: kibodi tamu, spika za wastani, na mipangilio inayochanganya wanunuzi

Lenovo ThinkPad T480 ilitoka mwaka 2018, na bado ni moja ya laptopu za ofisini zinazonunulika sana kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Sifa zake zinajulikana: zile zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 zinakubali Windows 11 bila ujanja, RAM ina nafasi mbili na zote zinabadilishika, na betri ya nje inachomoka bila bisibisi. Malalamiko ya siku ya kwanza nayo yanajulikana. Alama zinazotokea kwenye skrini si zile zilizochapwa kwenye vitufe, na sauti ama haipo ama inasikika kwa mbali. Mara nyingi mashine yenyewe ni nzima. Ilitumika kwenye kampuni ya Uingereza, kisha fundi akapiga Windows upya kwa mpangilio wa Marekani na kuiacha hivyo hivyo.

Tuanze na kibodi, maana ndiyo inayoiuza mashine hii. Vitufe vina kina, vinarudi haraka, na anayeandika ripoti kutwa nzima hachoki vidole. Kujua kama ni ya Uingereza, angalia Enter: ya Uingereza ni ndefu, imeshuka safu mbili, na kushoto kwa Z kuna kitufe cha ziada chenye \ na |. Ya Marekani ina Enter fupi iliyolala, na Shift ya kushoto inafika hadi kwenye Z. Kisha fungua Notepad ubonyeze Shift na 2. Kama kitufe kimeandikwa " lakini inatoka @, Windows inadhani una kibodi ya Marekani. Hapo ukibonyeza Shift na 3 utapata # badala ya £, na @ iliyochapwa karibu na Enter itakuletea ".

Dawa yake: fungua Settings, nenda Time & language, kisha Language & region. Bofya nukta tatu mbele ya English, chagua Language options, na chini ya Keyboards bofya Add a keyboard uchague United Kingdom. Ukimaliza, ondoa ile ya US papo hapo. Ukiziacha zote mbili, siku moja utagusa Alt na Shift ya kushoto kwa pamoja bila kujua, na alama zitahama tena katikati ya barua. Mchepuo huo wa Alt na Shift unaweza kuuzima kabisa kwa kuingia Typing, Advanced keyboard settings, halafu Input language hot keys.

Kuna mtego hapa kwa sisi tunaoongeza Kiswahili kwenye Windows. Lugha hiyo inakuja na kibodi ya Marekani, kwa hiyo ukiiweka kwenye mashine ya Uingereza tatizo linarudi kupitia dirishani. Ingia kwenye Language options za Kiswahili vilevile, ongeza United Kingdom, futa US.

Mtego wa pili unawafungia watu nje ya kompyuta zao. Skrini ya kuingilia ina mpangilio wake wa kibodi, usiofuata wako lazima. Nywila yenye @ uliyoiweka kwa mpangilio mmoja itakataliwa kwenye mwingine, kwa kuwa vidole vinabonyeza palepale ila inayoingia ni ". Kabla ya kumpigia fundi, bofya alama ya jicho kwenye kisanduku cha nywila uone kinachoandikwa, kisha badilisha lugha kwenye kona ya chini kulia. Ili jambo hilo liishe moja kwa moja, rudi Language & region, fungua Administrative language settings, bofya Copy settings, na uweke tiki kwenye Welcome screen and system accounts.

Fn na Ctrl ni suala la mazoea. ThinkPad hii imeweka Fn kwenye kona kabisa, mahali ambapo laptopu nyingi huweka Ctrl, kwa hiyo mgeni anabonyeza Fn na C na hakuna kinachonakiliwa. Zinabadilishana kazi ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijaanza: washa mashine, bonyeza F1 nembo ya Lenovo inapotokea, ingia Config, kisha Keyboard/Mouse. Ukitaka F1 hadi F12 zifanye kazi za kawaida badala ya sauti na mwanga, Fn na Esc vinatosha. Taa ya kibodi, kama mashine yako inayo, ni Fn na Space. Na kibodi ikionekana imekufa ghafla bila kumwagikiwa kitu, huenda mtu ameshikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 na kuwasha Filter Keys, kipengele cha Windows kinachopuuza vitufe vinavyoguswa kwa muda mfupi. Zima kwenye Accessibility, Keyboard.

Sauti ndiyo sehemu dhaifu ya T480, na tusipake rangi. Spika ziko chini ya mashine zikitazama meza. Kwenye meza ngumu zinasikika. Kwenye kitanda au kitambaa zinazibwa. Filamu ya watu wanne sebuleni haiwezi, lakini mkutano wa Zoom wa mtu mmoja inaumudu.

Ikiwa kimya kabisa, angalia kwanza taa ndogo ya F1. Ikiwaka, spika zimezimwa. Taa ya F4 ni ya maikrofoni. Taa zikiwa zimezimika na bado kimya, bofya alama ya spika kwenye upau wa chini uone sauti inaelekezwa wapi. Ukichomeka skrini ya nje kwa HDMI, Windows mara nyingi huhamishia sauti kwenye skrini hiyo, hata kama haina spika.

Sauti ikitoka lakini nyembamba, fungua Device Manager, sehemu ya Sound, video and game controllers. Ikiandikwa High Definition Audio Device, hiyo ni draiva (programu inayoendesha kifaa) ya jumla ya Microsoft. Inayotakiwa ni ya Realtek, inayokuja pamoja na Dolby, na tofauti inasikika mara moja. Ipate kupitia Windows Update, Advanced options, Optional updates, au kwenye tovuti ya msaada ya Lenovo kwa namba ya aina ya mashine (machine type) iliyo kwenye lebo ya chini. Ya T480 huanza na 20L5 au 20L6. Kwa asiye na bando la kushusha draiva leo, ile ya jumla ina nafuu moja: bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, chagua Speakers, Properties, kisha Enhancements, na uweke tiki kwenye Loudness Equalization. Kwenye dirisha la kwanza la mmsys.cpl kuna pia ukurasa wa Communications. Weka Do nothing, la sivyo muziki unashushwa kila simu ya mtandaoni inapoanza.

Tundu la hedifoni ni moja tu, la sauti na maikrofoni kwa pamoja. Hedifoni za simu zenye pini ya mikato mitatu zinafanya kazi moja kwa moja. Zile za kompyuta ya mezani zenye pini mbili, ya kijani na ya waridi, zinahitaji kiunganishi cha Y. Ukichomeka ya kijani peke yake utasikia, lakini maikrofoni ya hedifoni hizo haitafanya kazi. Za Bluetooth zina shida nyingine: ukitumia maikrofoni yake, sauti inashuka ubora na kuwa kama ya simu ya mezani. Kwenye Zoom chagua maikrofoni ya laptopu, hedifoni zibaki kwa kusikiliza.

Maikrofoni isipoonekana popote, si kwenye Settings wala Device Manager, rudi BIOS: Security, kisha I/O Port Access. Idara za TEHAMA za makampuni huzima maikrofoni na kamera hapo, na Windows hata ikipigwa mara kumi haiwezi kuziwasha. Ndiyo maana F1 ya BIOS ibonyezwe dukani kabla pesa haijatoka mfukoni. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe mezani. Kwa maelekezo ya Lenovo wenyewe, nywila ya msimamizi ikisahauliwa suluhisho ni kubadilisha ubao mama.

Dukani pia bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Kibodi ya kwenye skrini itafunguka, na kila kitufe unachogusa kitabadilika rangi juu yake. Kitufe kimoja kigumu huenda ni uchafu tu. Vitufe kadhaa vilivyotawanyika vikifa pamoja, hapo pamemwagika kitu au waya bapa umelegea, na bei ishuke. Kibodi mpya inabadilishwa peke yake bila kununua fremu nzima, na ya T470 inaingia bila marekebisho. Mwambie tu muuzaji kama unataka ya Uingereza au ya Marekani.