MoCA, njiti za IDEA au kikao cha nusu siku: apimwe na nini baada ya kuambiwa ana dimenshia?

Daktari akishasema mume au mke ana dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, nyumbani huzuka mjadala: apimwe zaidi au basi? Vipimo vyenyewe havifanani kwa bei wala kwa kazi. Kinachomfaa mwalimu mstaafu kinaweza kumwonea mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu.

MoCA ndiyo inayokutwa zaidi. Ni karatasi ya ukurasa mmoja, alama 30, dakika kama kumi, iliyobuniwa Montreal na Ziad Nasreddine na kuchapishwa mwaka 2005. Alama 26 kwenda juu ni kawaida, na aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama 1. Uzuri wake uko kwenye kumbukumbu: maneno matano husomwa mara mbili, kisha baada ya dakika kama tano huulizwa bila dokezo. Akikumbuka baada ya kudokezwa hapati alama, lakini mpimaji makini huandika pembeni. Maandishi hayo ya pembeni yana thamani, kwa sababu mwenye Alzheimer, aina ya dimenshia inayoonekana zaidi, mara nyingi dokezo halimsaidii, ilhali mwenye sonona au matatizo ya mishipa ya damu ya ubongo mara nyingi humsaidia.

Udhaifu wake ni lugha na darasa. Kuna swali la kuchora saa, mkono mfupi kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Mpimaji anayefasiri papo hapo akisema “saa kumi na moja na dakika kumi”, mzee ataupeleka mkono mfupi kwenye 5, naye hajakosea chochote, ila alama imeshakwenda. Kuchora mchemraba na kuunganisha namba na herufi kwa kupishana ni mazoezi ya shuleni. Kwa hiyo 17 ya aliyeishia darasa la nne si sawa na 17 ya mhasibu, na ile alama moja ya nyongeza haizibi pengo hilo. Ipo MoCA Basic kwa wasiosoma sana. Ulizeni kama hospitali inayo. Ombeni pia nakala ya karatasi yenyewe, si jumla peke yake, na muulize ni toleo gani lilitumika. Yapo zaidi ya moja, na kurudia lilelile baada ya wiki chache kunaweza kupandisha alama kwa mazoea tu.

IDEA ilitengenezwa kwa ajili ya wazee wa Hai, Kilimanjaro, na haihitaji kalamu. Mzee huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno kumi na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Ina alama 15. Akipata 7 au chini, dimenshia inashukiwa sana. Ni kipimo cha haki kuliko MoCA kwa mtu wa kijijini, lakini ni chekeche, yaani cha kuchuja wanaoshukiwa tu. Aliyekwisha kuambiwa ana dimenshia hakimwongezei mengi, isipokuwa pale mnaposhuku kwamba karatasi ya kwanza ilimwonea.

Kikao kirefu cha mwanasaikolojia wa ubongo huchukua saa kadhaa na hupima kumbukumbu, lugha, umakini, kupanga na kutambua nafasi, kimoja kimoja, kikilinganishwa na watu wa umri na elimu yake. Hiki kinalipa ikiwa mgonjwa yuko chini ya miaka 65, ikiwa aina ya dimenshia haijulikani, au ikiwa kuna swali la sheria: bado anaelewa anachotia saini? Marekani, Medicare Part B, bima ya serikali hasa kwa wazee, hulipa asilimia 80 ya kiwango ilichokubali, baada ya mgonjwa kujilipia kiasi cha mwanzo cha mwaka, daktari akiandika kwamba kinahitajika. Kasoro kubwa ni kwamba viwango vingi vya kulinganishia vilitokana na wasemaji wa Kiingereza. Mkalimani awe mgeni, kamwe si mwenzi. Mke anayemfasiria mumewe humsaidia bila kujijua.

Kama shabaha ni dawa ya Alzheimer kama lecanemab, kikao hiki peke yake hakitoshi. Dawa hiyo ni ya hatua za mwanzo tu, na hudai uthibitisho wa amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo, kwa mfano kwa picha ya PET au maji ya uti wa mgongo.

Kabla ya kulipia lolote, malizeni yaliyo rahisi: vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, VVU, kaswende, masikio na macho. Pelekeni dawa zote anazotumia, hata zile za mafua zinazoleta usingizi, maana baadhi huvuruga kumbukumbu. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku chache, atibiwe kwanza. Maambukizi ya mkojo yanatosha kuharibu matokeo yote.

Asiyeweza tena kuoga bila msaada hahitaji kikao kirefu. Ataulizwa, atashindwa, atalia, na ripoti itaandika mnachokijua. Hela hiyo mpeni msaidizi wa nyumbani.

Mkiamua kwenda, chagueni asubuhi, awe amekunywa chai, na miwani na kifaa cha kusikia viwe mwilini. Kikao kinaweza kugawanywa siku mbili. Liombeni hilo wakati wa kuweka miadi, kwa kuwa siku yenyewe ratiba huwa imeshajaa.