Tuisheni ya jografia kwa miwani ya VR, nimelipia mwezi mzima nikaja kupotea Ziwa Ngozi

Mi nasoma HGL (Historia, Jografia na Kiingereza) kidato cha sita, nyumbani ni Uyole, Mbeya, likizo iliyopita nilimganda baba mpaka akatoa hela nikajiunga na senta moja hapa mjini (jina naliacha) wanafundisha jografia kwa miwani ya VR, ile ukivaa unaona kama uko ndani ya picha yenyewe. Kipindi sh 10,000, mara moja kwa wiki, kwa hiyo mwezi 40,000, na baba alivyo hiyo hela ataikumbusha mpaka nizeeke.

Kipindi cha kwanza volkano. Unavaa ile miwani, Meta Quest 2, nusu kilo usoni, na kama umesuka rasta ujue mkanda haukai vizuri, halafu ghafla uko angani mlima umepasuliwa kati kama tikiti, magma unaiona huko chini kwenye chemba yake, inapanda, inalipuka, chini kunabaki tupu basi paa lote linadidimia ndani, linabaki shimo kubwa, mvua inajaza maji ziwa hilo. Aisee. Mwaka mzima nimekariri maana ya kaldera kwenye madesa bila kujua kinachodidimia ni nini, siku hiyo nikajua. Hapo hela yangu ilienda kihalali kabisa.

Na kuna dada mmoja darasani huwa hafungui mdomo hata umchokoze, kule ndani kila mtu ni katuni, akauliza maswali matatu mfululizo, tukabaki tunashangaa.

Ila sasa, miwani 3 wanafunzi 12! Unakaa kwenye benchi kusubiri zamu, chaji masaa mawili tu imeisha, na intaneti ikisumbua ticha anaganda mkono juu kama anasimamisha Coaster. Kizunguzungu nacho kipo, msile sana kabla.

Wiki ya mwisho kaka akanipeleka Ziwa Ngozi, si ndo kaldera yenyewe. Tukashuka Isongole, bodaboda mpaka karibu na msitu, kutoka hapo ni miguu na matope na mizizi, nilianguka mara mbili. Kufika juu kaka ananiuliza, "Haya mdogo wangu, kaldera yako iko wapi?" Mi macho ng'ambo, naitafuta. Kijana aliyetuongoza akacheka, "Dada, si umeikanyaga." Kumbe nimesimama juu ya ukingo wake! Kwenye miwani nilikuwa naiona toka juu kama sahani, huku uko kwenye mdomo wa sahani na miti imekuziba, hujui hata pa kuanzia. Akanionyesha kwa kidole ukingo unavyozunguka taratibu mpaka unaturudia, nikaishiwa maneno. Njiani niliokota kijiwe chepesi chenye matundu kama andazi, kipo mezani kwangu.

Kilichoniudhi hasa ni kipindi cha kusoma ramani. Unaruka juu ya milima kama ndege, raha tupu, lakini kwenye pepa unapewa karatasi ya 1:50,000 upime urefu wa mto, na mto unaupima kwa uzi, unaulaza kila kona halafu unaunyoosha kwenye rula. Kwenye miwani uzi hakuna, namba inajitokeza yenyewe.

Wanasema mwezi ujao ni Bonde la Ufa na mabamba ya dunia, hiyo nitalipia tena maana huko chini hakuna bodaboda inayofika. Ramani narudi shule, uzi ninao.