Kabla Hujawasha Filamu Kwenye Runinga Mpya, Zima Hiki Kitu

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena sebuleni kwangu. Leo sichambui runinga nzima. Nachambua kitu kimoja kilichomo ndani ya runinga nyingi mpya, na huwa kinaniuma nikikikuta kimewashwa nyumbani kwa mtu: kile kinacholainisha mwendo wa picha.

Mama ndiye aliyekigundua. Runinga ilipofika tukaweka filamu anayoipenda, ameshaiangalia sijui mara ngapi. Dakika kumi hazijaisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona leo hawa wamekuwa kama wako kwenye tamthilia?" Waigizaji ni wale wale, lakini kila kitu kinateleza, utadhani mpiga video wa harusi ndiye aliyewarekodi. Mama hajui habari za fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda filamu, ila jicho lake lilikataa.

Haya, tazameni hapa. Huu mkono wangu naupunga, nimeurekodi kwa picha 24 kwa sekunde, kama filamu. Nasimamisha. Mnaviona vidole? Kingo hazionekani, vimefanya ukungu. Hilo si kosa. Kwa kawaida shata ya kamera ya filamu, yaani kile kilango kinachoruhusu mwanga kuingia, huachwa wazi nusu ya muda wa kila picha, yaani 1/48 ya sekunde, na ndani ya muda huo mkono umeshasogea na kuacha njia yake kwenye picha. Ukungu huo ndio unaounganisha picha moja na nyingine tukaona mkono unakwenda.

Na hiyo 24 ina historia yake. Zamani za filamu bubu kamera ilizungushwa kwa mkono, kasi ikapanda na kushuka. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, ikachapwa pembeni mwa mkanda huo huo, kwa hiyo kasi ikabidi iwe moja, la sivyo mwimbaji anavuta sauti kama mlevi. Ukienda polepole sauti inaharibika, ukikimbia sana mkanda unakula pesa, basi 24 ikawa ya katikati. Hata kwa 24, mkanda wa milimita 35 huenda futi 90 kila dakika!

Sasa runinga inafanya nini? Inachukua picha mbili, inakisia katikati palikuwa na nini, inachora yenyewe. Ukiipandisha hadi mwisho kwenye kioo cha picha 60 kwa sekunde, zaidi ya nusu ya unachokiona hakikupigwa na kamera yoyote. Angalieni huyu anayepita nyuma ya nondo za dirisha: bega lake linachemka pembeni, nondo zinajikunja. Runinga imekisia ikakosea.

Sisemi 24 haiguswi. Mwongozaji Peter Jackson alipiga filamu ya The Hobbit kwa picha 48 kwa sekunde, ikatoka mwaka 2012. Watu wengi hawakuipenda, lakini aliamua yeye, na taa na mapambo vikapangwa kwa kuijua hiyo 48. Hii ya sebuleni hakuna msanii aliyeiamua.

Panapostahili nitakisifu: kamera ikizunguka taratibu kwenye mandhari pana, picha 24 hurukaruka kwenye kioo kikubwa, na wengine macho yanawauma. Kama ni wewe, weka kiwango cha chini kabisa. Mpira hauhusiki sana, unarushwa kwa picha nyingi tayari.

Kukizima: chukua rimoti, ingia mipangilio, halafu picha. LG wanakiita TruMotion, Sony ni Motionflow, Samsung tafuta Picture Clarity. Runinga nyingi za kuanzia 2020 zina Filmmaker Mode, ukiichagua hiyo kinazimika chenyewe.

Mimi nilizima, nikairudisha filamu mwanzo bila kusema neno. Mama akavuta khanga yake miguuni, akaangalia mpaka majina yakapita.