Gemu ya siri ya Epic inafunguliwa Alhamisi: ichukue kwa simu, halafu usiunguze bando

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo utangulizi naukata, maana akili yangu yote iko kwenye hii picha hapa. Iangalieni vizuri. Boksi la zawadi limeviringishwa karatasi, limeandikwa ni gemu ya siri, na chini yake kuna saa inayorudi nyuma. Basi. Hiyo ndiyo habari yote Epic Games Store, duka la gemu la mtandaoni, wametupa. Na bado makundi ya WhatsApp ya wacheza gemu hayalali, kila mtu ana utabiri wake.

Epic ni nani sitaeleza sana, ni wale wenye gemu ya Fortnite, hata wadogo zenu wanaijua. Mnajua pia kwamba kila Alhamisi wanatoa gemu ya bure, na ukiichukua ndani ya muda wake inabaki kwenye akaunti yako. Gemu za bure walianza kuzitoa tangu duka lilipofunguliwa Desemba 2018, mwanzoni kila wiki mbili, na ya kwanza kabisa ilikuwa Subnautica. Kinachoniwasha mimi ni huu mwezi wa Desemba. Kwenye sikukuu wanaacha utaratibu wa wiki, wanatoa moja kila siku, na nyingi zinakaa saa 24 tu. Ukisafiri kwenda kijijini kusalimia wazee bila kukumbuka, imeondoka.

Saa, jamani, hili naulizwa kila mwaka. Duka linabadilisha gemu saa tano asubuhi ya mashariki mwa Marekani. Desemba hapa kwetu hiyo ni saa moja jioni. Kuanzia Machi wenzetu wakisogeza saa zao mbele, kwetu inakuwa saa kumi na mbili jioni. Sisi saa zetu hazisogei, wanaosogea ni wao. Kwa hiyo mkiona mtu ameweka picha kwamba inafunguliwa usiku wa manane, msimfuate.

Kwa nini nina presha hivi? Kwa sababu ya Mei 14, 2020. Mliokuwepo mnakumbuka. Watu wamefungiwa ndani na korona, Epic wameweka boksi la siri kama hili, na lilipofunguka ndani yake ilikuwa Grand Theft Auto V. Bure! Gemu ambayo watu walikuwa wanaililia miaka! Duka lilizidiwa saa hiyohiyo, tovuti haifunguki, programu haifunguki, na hali ikaendelea hivyo kwa saa kadhaa. Wiki iliyofuata wakaweka Civilization VI, halafu Borderlands: The Handsome Collection. Tangu hapo boksi likionekana, watu hawadharau tena. Na Desemba 2025 walitoa Hogwarts Legacy. Nikiwa nalinganisha na zamani, tuliponunua diski ambazo nusu yake zilikuwa zimekwaruzika, huu ni utajiri.

Sasa kuna wadau kila mara wanaandika kwenye maoni, "kaka, hakuna cha bure, wanatuibia nini?" Swali zuri, na jibu lake lipo wazi. Kesi ya Epic dhidi ya Apple iliposikilizwa mahakamani Marekani mwaka 2021, karatasi za ndani za Epic zikawekwa hadharani. Zilionyesha kwamba kwa miezi tisa ya mwanzo Epic waliwalipa wenye gemu za bure zaidi ya dola milioni 11. Subnautica peke yake dola milioni 1.4, zile za Batman Arkham milioni 1.5. Wakapata akaunti mpya kama milioni 5. Yaani kila mteja mpya aliwagharimu dola mbili na kitu. Matangazo ya televisheni yasingewapa mtu kwa bei hiyo. Kwa hiyo aliyetengeneza gemu amelipwa, wewe umepata gemu, na wao wamepata jina lako kwenye daftari wakitumaini siku moja utanunua. Mimi biashara hiyo naikubali kabisa, haina mtu aliyedhulumiwa.

Haya, tuchukue. Natumia simu makusudi, ili muone kwamba hamhitaji kuwa mbele ya kompyuta. Nimefungua kivinjari, nimeingia kwenye duka lao, nimeingia kwa akaunti. Naenda kwenye gemu ya bure ya wiki hii. Nabonyeza kitufe kilichoandikwa Get. Inaleta ukurasa wa malipo, angalieni hapa chini, jumla ni sifuri. Haijaniuliza kadi ya benki. Haijaniuliza namba ya simu ya kulipia. Nathibitisha. Wakati mwingine itataka uoneshe kwamba wewe si roboti, unachagua picha, unaendelea. Tayari. Gemu iko kwenye maktaba yangu na bando nililotumia ni kidogo kuliko kuangalia hii video.

Mmeelewa uzito wake? Kuchukua na kupakua ni vitu viwili tofauti. Mwanangu ambaye huna hata kompyuta leo, fungua akaunti leo, chukua kila Alhamisi. Siku ukipata kompyuta unakuta maktaba imejaa. Washa na uthibitisho wa hatua mbili, maana akaunti yenye gemu nyingi ni mali, na wezi wanaijua. Na tafadhali, hakuna tovuti inayokupa gemu ya siri kabla ya saa yake. Ukiona kiungo kinasema hivyo na kinataka nywila yako, funga.

Mpaka hapo mimi na Epic ni damu damu. Sasa nifungue programu yao ya kwenye kompyuta, muone ninapopandwa na hasira.

Hii ni kampuni inayotengeneza Unreal Engine, programu ya msingi inayoendesha gemu nyingi nzuri mnazoziona, lakini duka lao lilikaa miaka mitatu bila kapu la kununulia! Kapu! Lilikuja Desemba 2021. Kabla ya hapo ukitaka gemu tatu unalipia moja, unarudi, unalipia ya pili. Sasa kapu lipo, sawa. Lakini kitu kinachomuumiza mtu wa kwetu kuliko kapu ni namna programu hii inavyodhani kila mtu ana intaneti ya bwerere.

Fikirieni GTA V, ni zaidi ya GB 90. Umeichukua bure, safi. Kuipakua? Piga hesabu ya bando lako la mwezi uone kama linafika hata robo. Sasa rafiki yako mtaa wa pili ana gemu hiyohiyo, kaipakua kwa intaneti ya ofisini. Nawe unayo kihalali kwenye akaunti yako. Akili ya kawaida inasema: ninakili kwake kwa diski ya nje, naiweka kwangu, naiambia programu "gemu hii hapa". Steam, duka jingine la gemu za kompyuta, wana sehemu yake kabisa ya kutengeneza nakala na kuirudisha, unabonyeza, kazi imekwisha. Epic inabidi uizunguke programu yenyewe. Na kuzunguka kwenyewe si uchawi wa vijiweni, njia hiyo wao wenyewe wameieleza kwenye kurasa zao za msaada kwa ajili ya kuhamisha gemu. Ngoja niwaoneshe polepole, chukueni kalamu.

Kwanza, kwa rafiki. Ingia kwenye folda ya Epic Games ndani ya Program Files, utaona folda yenye jina la gemu. Nakili folda nzima kwenye diski yako ya nje. Hakikisheni diski yenyewe na tundu lake ni USB 3, lile lenye ulimi wa bluu mara nyingi, la sivyo mtakesha.

Pili, rudi kwako. Washa programu ya Epic, ingia kwenye maktaba, bonyeza kuisanikisha gemu (Install) kana kwamba unaipakua kawaida. Chagua mahali. Inaanza. Angalieni asilimia hapa: moja... mbili. Ikifika mbili au tatu, isimamishe. Sasa ifunge programu nzima. Si kubonyeza ule msalaba, hapana, ukifanya hivyo inaendelea kukaa kule chini karibu na saa ya kompyuta. Nenda pale chini, bonyeza kitufe cha kulia kwenye alama yake, itoe kabisa.

Tatu, hapa ndipo wengi wanaharibu. Fungua ile folda mpya iliyotengenezwa. Ndani utakuta folda ndogo inayoitwa .egstore, inaanza na nukta. Hiyo usiiguse, ndiyo daftari la programu kuhusu usanikishaji wako. Kwenye diski ya nje nakili kila kitu isipokuwa .egstore ya rafiki, bandika hapa, ikiuliza kama ibadilishe mafaili yaliyopo ikubalie. Mafaili ni mengi, subiri.

Nne, washa programu upya, bonyeza kuendelea. Na sasa angalieni. Mnaona? Haipakui, inahakiki. Inapita faili moja moja ikilinganisha na inachokijua. Kasi ya mtandao pale iko sifuri, diski ndiyo inafanya kazi. Ikimaliza, itapakua tu kile kilichopungua, labda sasisho dogo kama rafiki yako alikuwa nyuma. Kitufe kimegeuka, gemu iko tayari.

Nimefurahi kwamba inafanya kazi, inafanya kazi vizuri sana. Lakini kwa nini hatua zote hizi zisiwe kitufe kimoja? Tuko wengi duniani tunaonunua intaneti kwa kupima. Epic, kama kuna mtu wenu anayeelewa Kiswahili, tangazo ninalolisubiri kuliko gemu ya siri ni hilo. Wekeni kitufe.

Wapinzani nimewagusa, nimalizie. Steam kwa programu yao wako mbali, hilo sibishani. Ila huku bei zao zinakuja kwa dola, na dola ikipanda gemu inapanda bila mwenye duka kugusa chochote, ndiyo maana napenda mapunguzo yao ya msimu tu. GOG, duka la gemu la wale wa Poland, hao kwa suala la bando nawavulia kofia: ukinunua kwao unapakua kisanikishi chako, yaani faili la kuiwekea gemu kwenye kompyuta, unakiweka kwenye diski, unasanikisha hata nyumba haina intaneti kabisa. Gemu zao nyingi ni za zamani, nyepesi, zinakaa kwenye kompyuta za kawaida. Kama ningekuwa nanunua kwa hela yangu leo, ningeanza GOG. Lakini Alhamisi si ya kununua.

Wenye simu tu, msiondoke. Epic walifungua duka la Android mwaka 2024, na kuanzia Januari 2025 wanatoa gemu za bure huko pia. Halimo Play Store, unalisanikisha kutoka tovuti yao, simu itakuonya, soma onyo, hakikisha uko kwenye tovuti yao halisi kisha ruhusu.

Habari za chaneli kidogo. Ule mfululizo wa gemu zilizo chini ya GB 10 unaendelea, video inayofuata ni ya kompyuta zenye RAM ya GB 4, maana mmeniomba sana. Na wale wa Mombasa mliotaka tukutane kwenye banda la gemu, nimeona ujumbe, tunapanga. Kama hujajiunga, jiunge, bonyeza na kengele, maana zawadi ya saa 24 ukiiona kesho yake haina faida.

Utabiri wangu sasa. Watu wanasoma karatasi ya boksi, rangi zake, michoro yake, na si upuuzi, miaka ya nyuma karatasi iliwahi kubeba dokezo kweli. Wengine wanafuata wavujishaji, wale wanaotoa siri kabla ya muda, na kuna wanaopatia sana, ila sitawataja, nataka tufungue wote kwa pamoja. Mimi nasema ni gemu kubwa yenye mwendelezo unaotoka karibuni. Mwenye gemu anapokaribia kuuza ya pili, anapenda watu wengi wawe wameshacheza ya kwanza. Wakileta ndogo ya watengenezaji wanaojitegemea, sitalalamika hata kidogo, kuna ndogo zilizonishika kuliko hizi za GB mia.

Andika utabiri wako hapo chini sasa hivi, kabla ya saa moja jioni, jina la gemu moja tu. Nitakuwa hewani moja kwa moja kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Atakayepatia nitamsoma jina, halafu tunaichukua pamoja, hatua kwa hatua, kwa wale ambao ni mara yao ya kwanza. Tuonane Alhamisi.