Miwani ya progresivu kutoka Malindi, kwa anayefanya kazi chomboni

Duka nililonunua miwani hii liko Malindi, kwenye barabara ya Lamu, ghorofa ya kwanza. Naandika kwa ajili ya manahodha wenzangu waliofika umri wa kusoma simu kwa kunyoosha mkono, nao wanaziogopa lenzi hizi za progresivu, zisizo na mstari, juu za kutazamia mbali na chini za kusomea, kwa sababu wamesikia zinatia kizunguzungu. Ni kweli zinatia. Mpima macho wa duka hili ndiye wa kwanza kunieleza kwa nini, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nivumilie mpaka zikanikaa.

Naendesha mashua ya abiria kati ya Lamu mjini, Shela na Mokowe. Nahesabu nauli mkononi, nainua macho kutafuta boya, nageuka kumtazama abiria wa nyuma, na chombo hakitulii hata kidogo. Miwani yangu ya kwanza, niliyonunua kwingine, nilipimiwa nimekaa, kidevu juu ya mashine, ikaisha hapo. Mpima macho wa Malindi, binti, alinisimamisha. "Nahodha, simama kama unavyoshika usukani," akasema, kisha akatia alama kwa kalamu mahali kila mboni ilipoangukia kwenye lenzi. Akanipa karatasi nisome, akaangalia kama nainamisha kichwa au nateremsha macho tu. Ana haki ya kuangalia hilo. Lenzi hizi zina njia nyembamba ya kushukia kutoka mbali hadi karibu, na kando ya njia hiyo pana ukungu. Mwenye mazoea ya kutupa jicho pembeni itambidi ageuze kichwa.

Nikamuuliza kizunguzungu kinatoka wapi. Akaacha kazi, akanieleza. Kichwa kikigeuka kulia, macho hugeuka kushoto kwa kiasi kilekile, ndiyo maana nasoma jina ubavuni mwa jahazi huku mawimbi yananirusha. Habari ya mwendo wa kichwa hutoka sikio la ndani, kwenye mirija mitatu ya nusu duara yenye maji, ikaingia shina la ubongo, na kutoka pale neva za misuli ya macho hupokea amri. Njia fupi kabisa ina seli tatu tu za neva. Mtafiti wa neva Rafael Lorente de Nó aliieleza mwaka 1933. Kazi yote huchukua kama milisekunde 10. Macho yangesubiri kuona kwanza ndipo yafuate, yangechelewa mara kumi ya hapo, na baharini tusingesoma kitu.

Ukitaka kutazama kitu kipya, shina hilohilo huamuru macho na kichwa pamoja. Jicho ni jepesi, hufika mbele. Kichwa hufuata, na jicho hurudi taratibu katikati. Wakati wa mruko ule, ile kazi ya kulirudisha jicho nyuma hupunguzwa, la sivyo vingevutana.

Sasa ije miwani. Lenzi ya kukuza huifanya picha isogee zaidi kichwa kinapogeuka, karibu asilimia 3 kwa kila dayopta, yaani kizio cha nguvu ya lenzi. Yangu ni +1.50 juu na +3.50 chini, kwa hiyo macho yanatakiwa kugeuka zaidi ya yalivyozoea miaka yote, na chini zaidi ya juu. Mpaka kipimo cha mwendo wa macho kirekebishwe, sakafu inaogelea. Mrekebishaji ni sehemu ya nyuma ya ubongo iitwayo ubongo mdogo, nayo hujifunza kwa kuona picha ikiteleza kichwa kikienda. Mwaka 1976 watafiti Gonshor na Melvill Jones, wa Montreal, waliandika juu ya watu waliovalishwa prizimu, vioo vya kupinda mwanga, za kugeuza kushoto kuwa kulia, na baada ya wiki kadhaa mwendo wa macho yao gizani ulikuwa karibu umepinduka. Kumbe kipimo cha utu uzima bado kinabadilika! Habari hiyo ilinipa moyo kuliko dawa yoyote.

Agizo la mpima macho: vaa tangu alfajiri, usivue-vue, tazama herufi ukutani huku ukitikisa kichwa, na usiendeshe chombo nayo mpaka nyumba itulie. Nilifuata. Ngazi ndizo zilizonitesa zaidi, hizi zetu za mawe zilizosimama wima, maana sehemu ya chini ya lenzi imewekwa kwa kusoma na kipandio kinakuwa ukungu. Dawa ni kukibana kidevu kifuani ili utazamie sehemu ya juu ya lenzi. Kwenye vichochoro, punda anayetokea ubavuni humwoni vizuri mpaka ugeuke. Leo naivaa hata kwenye mlango wa Shela wakati wa kusi, na boya linakaa mahali pake.

Kasoro zipo. Lenzi zilichelewa kufika kuliko nilivyoahidiwa, na safari ya basi kupitia Garsen na Witu si ya kurudiarudia. Vishikio vya puani vimeanza kushika kutu kwa chumvi. Omba vya plastiki, na suuza kwa maji baridi kila jioni. Bei ni kubwa, ila marekebisho ya fremu hawakunitoza.

Rafiki yangu anayeshona nyavu alitaka kama yangu, akaenda. Binti akamuuliza kazi yake, akamkatalia, akamuuzia miwani ya kusomea ya bei rahisi, kwa kuwa siku nzima yuko chini kwenye uzi. Mwenye ugonjwa wa sikio naye humwelekeza kwa daktari kwanza. Ijumaa wafunga mchana kwa swala, kwa hiyo anayetoka Lamu apande basi la Alhamisi.